Kompyuta Zinapumzika

Kijiwe cha Waya pale Levolosi hakina bango na wala hakilihitaji. Ukiteremka kutoka sokoni ukasikia watu wazima wanazozana kwa sauti ya kupasua mabati na hakuna hata mmoja aliyekasirika, ujue umefika. Kuna benchi refu nje ya kibanda ambamo Uwesu, ambaye mtaa mzima unamwita Waya, hutengeneza redio, na mbele ya benchi kuna Shabani wa Kondoa na jiko lake la mkaa, birika lake na sahani ya kashata. Mwaka ule wa tisini na tisa soko huria lilikuwa limeshaleta kila kitu Arusha: suti za marehemu wa Ulaya, simu za kutembea nazo, televisheni zenye rangi zisizoisha. Kitu pekee ambacho hakikuagizwa kutoka nje kilikuwa ubishi, maana wa hapa ulitosha na kubaki.

Siku hiyo, mwanzoni mwa Novemba, Mwalimu Anaeli alifika saa kumi jioni, akakaa ukingoni mwa benchi, akapokea kikombe na kukishika bila kunywa. Kwa wanaomjua, hiyo ilikuwa dalili ya msiba.

— Mwalimu, kunywa, alisema Shabani. Kahawa yangu ikipoa mkononi mwa mtu, ninayeaibika ni mimi.

— Kesho saa tatu asubuhi wageni wanakuja kuziona kompyuta.

Benchi zima lilishusha vikombe. Hata redio iliyokuwa ikikoroma kibandani, Waya aliizima.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kumi. Wafadhili walizileta mwanzoni mwa mwaka uliopita ili watoto wa shule ya msingi wajifunze Kiingereza. Unatia sidii, ile sahani inayong'aa, sauti inasema sentensi, mtoto anarudia, mashine inamwambia kama amepatia. Kijana mmoja wa Kizungu alikaa miezi mitatu akamfundisha mwalimu mkuu jinsi ya kuziendesha. Alimfundisha yeye peke yake, kwa heshima ya cheo. Halafu mwalimu mkuu akahamishiwa Babati, akaondoka na ujuzi wake kama alivyoondoka na godoro lake. Ufunguo wa chumba ukabaki kwa Anaeli, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza.

— Sasa hofu ya nini? aliuliza Mzee Ndesanjo. Si ziko?

Huyu aliitwa Balozi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu enzi za chama kimoja, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mambo yalibadilika. Tena ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule.

— Ziko, Balozi. Zinapumzika. Tangu mwaka jana zinapumzika.

— Na lile lilikuwa azimio zuri sana.

Azimio halikuja siku moja. Kwanza kamati iliagiza watoto wanawe miguu kabla ya kuingia. Kisha madirisha yakapigiliwa mbao kwa ajili ya vumbi. Kisha akina mama wakafuma vitambaa vyeupe vya maua, kama vile vya kufunikia redio na makochi, kila kompyuta na chake. Zilipopendeza namna hiyo, ikaonekana ni ushamba kuzifunua kwa ajili ya watoto wa darasa la nne. Ikapitishwa zitumike Ijumaa tu. Baadaye ikapitishwa zitumike wageni wakija tu, zisichakae. Wageni hawakuja, na kweli hazikuchakaa.

— Jana nimezifunua zote, alisema Anaeli. Zimewaka tatu. Moja inalia tu, haisemi inataka nini. Nyingine imeandika maneno ambayo hata mimi mwalimu wa Kiingereza siyajui. Ya tatu imewaka vizuri, ikaniomba neno la siri.

— Si ungeipa! alisema Balozi.

— Neno la siri liko Babati.

Aliyecheka alikuwa Lucky, kijana wa mitumba aliyejiita Soko Huria baada ya kufika Nairobi mara mbili. Anaeli hakucheka. Aliwaeleza barua ya wafadhili inavyosema: wageni wanataka kumwona mtoto aliyejifunza Kiingereza kwa kompyuta. Wakimkosa, zitahamishiwa shule nyingine, na wataandika kwamba mwalimu mhusika alishindwa kuzitumia.

— Na mwalimu mhusika ni mimi, alisema. Miaka kumi na tisa ya chaki, halafu niandikwe hivyo.

— Tulia, alisema Waya. Kompyuta ni redio, ila imesoma kidogo. Hizo umeme umelala ndani. Zitoeni alfajiri, zianikeni juani na vitambaa vyake, saa tatu zitakuwa zimeamka.

— Acha hizo, kaka, alisema Lucky. Hivyo ni vimeo. Hamsikii habari? Ukiingia mwaka elfu mbili, kompyuta zote duniani zinakufa kwa mpigo. Sasa Mzungu atatupa wapi mzoga wote ule? Anakupa msaada! Hao kesho hawaji kumwona mtoto. Wanakuja kuhesabu kama zimo zote kumi, isije ikawarudia moja.

— Nyote hamjui, alisema Balozi. Kosa ni la watoto. Mashine imezoea Kiingereza cha puani. Anakuja mtoto ameshiba makande, anaisalimia kwa kifua, inashtuka. Mimi nilikuwepo siku mtoto mmoja alipoisalimia. Iliganda palepale, na mpaka leo imeganda.

— Ndiyo maana inakula umeme mwingi, Balozi, alisema Waya. Kiingereza kizito. Ingekuwa inafundisha Kiswahili, ingewaka kwa betri mbili.

— Betri mbili kwa Kiswahili cha bara, alisema Shabani. Cha Tanga kingehitaji nne. Na mimi nadhani zinamkumbuka mwalimu mkuu. Hata ng'ombe hakubali kukamuliwa na mtu asiyemjua.

Hapo Anaeli akacheka, akachukia kwamba amecheka. Akachukua kashata ili mdomo upate kazi nyingine. Alipoikunjua karatasi iliyoifungia kashata, aliiona picha ya fisi amesimama mlangoni, na chini yake mistari minne ya Kiingereza. Akaiweka gotini. Alijua imetoka wapi, na benchi zima lilijua.

Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani chumba cha vitabu. Havikuwa vingi, na vingine havikuwa na majalada, lakini vilisomwa mpaka vikanuka mikono ya watoto. Kompyuta zilipokuja, vitabu vikahamishiwa stoo. Mvua za elnino zikaingia stoo. Kamati ikakaa, ikaona ni heri wananchi wavigawane kabla havijaoza, na Shabani akapata magunia mawili kwa sababu ndiye aliyejitolea kufagia. Hakuna aliyeiba kitu. Kila hatua ilikuwa na kikao na muhtasari wake, na kwenye kikao cha mwisho Anaeli mwenyewe alinyoosha mkono kuunga hoja.

— Sikilizeni, alisema Lucky, akisogea katikati. Hapa ni kuzuga tu. Si kuna yule binti wa darasa la tano, Hope? Yule anayeongea Kiingereza mpaka afisa elimu anabaki kuitikia yesi, yesi?

— Yupo, alisema Anaeli.

— Basi mchongo ndio huo. Hope anakaa mbele ya ile inayowaka. Waya anaficha redio kaseti chini ya meza, kitambaa kinaifunika. Kaseti inasema Kiingereza, Hope anajibu Kiingereza, wazungu wanapiga picha.

— Kaseti ninayo, alisema Waya, macho yakimng'aa. Ya mahubiri, lakini ni Kiingereza kitupu.

— Na mimi nitakaa kwenye swichi kubwa, alisema Balozi. Wakitaka kusogea karibu, nazima. Mgao! Nani atabisha mgao nchi hii? Tunawatoa nje, tunawapa soda, shukrani, kwaheri.

Wakapeana mikono. Ulikuwa mpango mzuri kuliko yote iliyowahi kupitishwa na benchi lile, na Anaeli alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu barua ifike. Wepesi ule ulimwingia haraka mno, na alipougundua aliona haya. Hata hivyo akasema:

— Inawezekana.

Namnyaki akatokea upande wa sokoni, dumu lake la maziwa likiwa tupu mgongoni. Alikuwa mama yake Hope.

— Takwenya, alisema Balozi, akiwa amemaliza Kimaasai chake chote.

— Iko. Shikamoo, Balozi. Mwalimu, nilikuwa nakutafuta.

— Afadhali umekuja, mama Hope. Kesho Hope aje na sare safi. Tunamkalisha mbele ya kompyuta, wageni wamwone anavyoongea Kiingereza.

— Kompyuta? Ameigusa lini?

— Kesho ndiyo ataigusa.

Namnyaki aliteremsha dumu, akalifikiria jambo lile bila haraka.

— Wageni wakimwuliza amejifunzia wapi Kizungu, aseme nini?

— Aseme kwenye kompyuta, alidakia Lucky. Ishu ndogo tu, mama.

— Huyu mtoto kudanganya kwa Kizungu hajui. Kwa Kimaasai anajua.

Shabani alicheka, akaona yuko peke yake, akaligeukia birika.

— Yeye alijifunzia kitabu, Namnyaki aliendelea. Kile cha fisi, mlichokuwa mnamwazima aje nacho nyumbani. Jioni ananisomea Kizungu, mimi sisikii hata neno, halafu anageuza Kimaasai, tunacheka mpaka ndama wanasimama. Tulikuwa tumefika mtoni. Fisi ana watoto watatu na mto umejaa. Siku ile ndiyo mkachukua vitabu. Hope akaniambia, mama, ngoja, kompyuta zitatusomea mwisho. Ninangoja tangu yuko la nne. Ndilo lililonileta, Mwalimu. Zimefika mtoni?

Anaeli alifungua mdomo kusema kwamba kamati inalishughulikia. Namnyaki alikuwa ameshaacha kumtazama usoni. Alikuwa akitazama gotini kwake.

— Si ndiye huyu?

Hajui kusoma, lakini fisi wake alimjua. Akaichukua karatasi, akaikung'uta sukari ya kashata, akainyoosha juu ya paja kwa kiganja kama mtu anayenyoosha nguo ya mtoto.

— Hapa ameshavuka au bado?

Mwalimu aliisoma ile mistari minne, ingawa aliijua kwa kichwa. Ulikuwa ukurasa wa mwanzo kabisa. Fisi alikuwa bado hajatoka nyumbani kwake.

— Bado, alisema.

— Basi ule wa kuvuka uko wapi?

Balozi alikohoa kama anayetaka kufungua kikao, akakiahirisha. Waya aliingia kibandani, akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Shabani aliutazama mkaa wake, ambao kila asubuhi huuwasha kwa karatasi zilezile, kisha akafunika jiko kwa bati, kana kwamba anauficha. Kahawa ilikuwa imebaki nusu birika na hakuna aliyenyoosha kikombe.

— Mwalimu, alinong'ona Lucky. Kesho vipi? Tunazuga, hatuzugi?

Anaeli aliinamisha macho. Alijua kwamba akisema neno moja atalia mbele ya mzazi. Chini ya benchi, kati ya miguu yao, kulikuwa na karatasi za kashata za wiki nzima, zimekunjwakunjwa na kukanyagwa. Akaweka ufunguo wa chumba cha kompyuta pembeni ya kikombe chake, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kazini, akaanza kuziokota.

Aliyoikunjua kwanza ilikuwa ya hesabu. Akainyoosha, akampa Namnyaki amshikie, akakunjua ya pili.