Leonce Qamara na Bia Zilizokuwa Zikiisha

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Rhotia na ndugu mliotoka Mbulu, Arusha na Moshi: familia imenipa mimi Evarista, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasimulia maisha yake. Naomba mnivumilie sauti ikikatika.

Leonce Qamara alizaliwa tarehe 4 Juni 1979 hapa hapa Rhotia, wakati huo ikiwa bado Wilaya ya Mbulu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Qamara Tluway na Mama Marsela, ambaye tumemketisha hapa mbele. Wengi wenu mnajua kwamba mama alikuwa akipika buura, pombe yetu ya mtama na asali, na hakuna aliyeozesha binti katika kijiji hiki bila kupita kwake kwanza. Leonce akiwa mdogo alikuwa akikaa mlangoni pa chumba chenye mitungi, akiogopa wageni wangeimaliza pombe kabla baba hajarudi kutoka shamba. Baba akacheka: "Huyu mtoto ana hofu ya mtu mzima."

Alisoma shule ya msingi hapa Rhotia, akamaliza kidato cha nne Karatu mwaka 1997. Alikuwa akifika shuleni kabla ya mwalimu wa zamu, akimngoja getini amwulize kama mtihani ni leo. Alifaulu vizuri, lakini mwaka uliofuata baba akafariki, na Leonce akaona hawezi kutuacha.

Mwaka 1999 alianza kuosha vyombo kwenye kambi ya mahema ya watalii. Baadaye akaingia baa ya loji moja pale Karatu, na kufikia 2012 alikuwa mkuu wa baa hiyo. Huko ndiko mgeni mmoja alikomwachia chupa ya bia iliyopikwa na kiwanda kidogo, mapipa machache tu, kisha isipikwe tena. Leonce alikuja nayo nyumbani, akatuonjesha. Ilikuwa chachu kidogo. Akasema, "Evarista, hii ina ukoo na ya mama." Tangu siku hiyo hakutulia.

Viwanda vidogo vya bia vilipoanza kufunguliwa Arusha, Moshi na Nairobi, kila kimoja kikitoa bia mpya kwa msimu, nayo ikiisha ndani ya siku chache, Leonce alijua zote. Simu yake haikukaa mfukoni. Alikuwa akipanda kilimani nyuma ya shamba letu kutafuta mtandao, akipiga Arusha, akishuka, kisha akipanda tena kwa sababu huenda wamebakiwa na chache kuliko walivyosema. "Zimebaki?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake, hata kabla ya salamu, na vijana wa stendi ya Karatu wakampachika jina hilo. Alikuwa mnywaji mdogo sana. Chupa moja aliigawa kwa watu wanne. Hofu yake ilikuwa kwamba kitu kizuri kitapita duniani na yeye asijue kilikuwaje.

Hata mke alimpatia kwenye foleni. Mwaka 2016 alikwenda Arusha kuwahi bia ya ndizi iliyokuwa imetangazwa, akakuta dada mmoja ndiyo kwanza amekabidhiwa chupa ya mwisho. Dada huyo alikuwa Benedicta, mwenyeji wa Kibosho, mfanyabiashara wa vinywaji.

"Samahani dada, utaifungua leo?"

"Kwani wewe ni askari?"

"Hapana. Nataka tu kujua harufu yake kabla haijaisha."

Benedicta anasema alimwonea huruma, kwani kaka wa watu alikuwa anatoka jasho. Wakainywa pamoja kwenye ngazi za duka. Walifunga ndoa takatifu Karatu tarehe 18 Novemba 2017, wakafungua duka la vinywaji la jumla, na mwaka 2019 Mungu akawapa Martha. Wifi yangu alikuwa akimtuliza kwa neno moja: "Baba Martha, kaa."

Sasa niseme lile ambalo familia imeniagiza nisiliache.

Miaka michache iliyopita macho ya mama yalizimika, na mikono yake ikashindwa kazi ya mitungi. Leonce akaingiwa na hofu kuliko zote alizowahi kuwa nazo, kwamba buura ya mama itaondoka na mama. Alikaa naye jikoni siku nyingi akimhoji, akampelekea maneno yake dada Eunike, mwenye kiwanda kidogo kule Arusha. Eunike akakubali kupika mara moja tu, mapema 2024, na akaahidi kumwekea Leonce kreti.

Mvua za msimu ule mnazikumbuka. Bia ilipoiva, Leonce alikuwa amekwama Wasso alikokuwa amepeleka mzigo. Barabara ya kurudi kupitia Malambo ilikuwa tope tupu na simu yake haikushika. Alipofika Mto wa Mbu ujumbe ukaingia kwa mkupuo. Akapiga hapo hapo.

"Kaka Leonce, nilikutafuta hadi nikachoka," Eunike akamwambia. "Vijana wangu walidhani umeghairi, wakaifungua kreti. Zimeisha zote."

"Hata moja?"

"Kuna fundi wa umeme wa jua anaitwa Obed, yuko Endulen. Alichukua mbili. Sijui kama bado anazo."

Obed hakupatikana kwenye simu. Wakati huo daktari alikuwa ameshamwonya Leonce kwamba moyo wake umepanuka, apumzike. Benedicta alimzuia, akashindwa, ndipo akasema basi tunakwenda wote. Walipita geti la Ngorongoro asubuhi, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba nyati walionekana wakiwa wameshafika ubavuni mwa gari. Njia nzima Leonce alikuwa akijisemea: leo ni Jumapili, watu hunywa Jumapili. Benedicta hakuwa akitazama barabara. Alikuwa akimtazama anavyohema.

Walimkuta Obed amekaa nje na wageni, chupa iko mezani, kifungulio kando yake.

"Ndugu yangu, subiri!" Leonce alipaza sauti kabla hajashuka vizuri. "Usifungue."

Obed akashangaa. "Bia tu, kaka, mbona hofu yote hii?"

"Ni pishi la mama yangu. Yeye mwenyewe hajaionja. Na ile nyingine?"

"Tuliinywa Pasaka. Imebaki hii."

Obed akawatazama wageni wake. Kisha akaingia ndani, akatoka na shuka, akaizungushia ile chupa na kumpa Benedicta mikononi kama anavyopewa mtu mtoto. Hakutaka chochote. Obed yupo hapa leo. Tunakushukuru, ndugu yetu.

Kurudi ndiko kulikuwa na shida. Kila shimo barabarani Leonce alisimamisha gari kuuliza kama povu limepanda. Alipofika nyumbani hapa Rhotia alikuwa amechoka vibaya, midomo imepauka. Mama alikuwa amekaa karibu na moto. Leonce akafungua, akamimina, nusu ya kikombe ikamwagika kwa povu, nikamwona anafumba macho. Akampa mama kilichobaki kwenye kikombe, kisha akangoja.

Mama alikunywa taratibu. Akauliza kwa Kiiraqw, "Ni sherehe ya nani?"

"Yako, mama."

"Sasa majirani wako wapi? Buura hainywewi na mtu mmoja. Waiteni."

Chupa yenyewe ilikuwa imebaki na robo tu. Tukawaita. Mzee Modest alikuja, mama Leonida alikuja na wajukuu zake wakubwa, Piusi wa jirani akaja na kiti chake. Tuligawa kwa kijiko cha chai, mmoja mmoja, kama dawa. Mama akawa anawauliza kila mmoja kama mtama umesikika. Nilimwangalia kaka yangu nikitegemea ainuke kuichungulia chupa. Hakuinuka. Alikaa chini miguuni pa mama, mgongo ameuegemeza ukutani, hadi tone la mwisho likapita kwa mtu mwingine, na hakuuliza kitu. Mimi sikuwahi kumwona ametulia hivyo, wala mke wake hakuwahi.

Mwezi Desemba mwaka jana miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Alitibiwa Karatu, akahamishiwa hospitali ya rufaa, akarudishwa nyumbani mwezi wa pili. Wasiwasi ulimrudia, lakini haukuwa tena wa bia. Usiku na mchana aliuliza nani atamwambia mama siku yake ikifika. Tulimwahidi kwamba hataambiwa kwa ghafla na hataambiwa na mgeni. Tarehe 11 Machi 2025 asubuhi, baada ya kupokea mpako mtakatifu, alimwomba Benedicta amgeuze atazame dirishani. Alifariki akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Mama aliambiwa na Benedicta na mimi, tumemshika huku na huku. Akasema: "Mnipeleke nikakae karibu naye. Anaogopa akiwa peke yake." Ndiyo maana mnamwona ameketi pale, mkono juu ya jeneza, na tunaomba mtu yeyote asimwondoe hadi atakapotaka mwenyewe.

Marehemu ameacha mama yake Marsela, mjane Benedicta, binti yake Martha aliye darasa la kwanza, mimi mdogo wake, wapwa watano, na marafiki ambao siwezi kuwataja wote.

Mungu Baba, umpokee Leonce, umfunike kwa huruma yako. Mpe utulivu. Alale bila hofu.