Petro Alfonsi Chilumba, Aliyekanyaga Breki Kila Kona

Familia ya Mzee Alfonsi Chilumba inawashukuru nyote mliofika, Baba Padre, wanajumuiya, majirani wa Segerea, mafundi wa Kipawa, na ninyi wauza ndizi mliofunga meza zenu Mabibo ili muwe nasi, na inawaomba masikio kidogo isomwe habari ya maisha ya ndugu yetu. Kila tarehe iliyomo humu imehakikiwa na watu wawili, kwa sababu mwenye historia hii angekuwa amekaa pale kwenye viti vya mbele, angeomba aone cheti kwanza.

Marehemu Petro Alfonsi Chilumba alizaliwa tarehe 29 Juni 1974, katika kijiji cha Mwena, wilayani Masasi, mkoani Mtwara, siku ya sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, ndiyo maana akapewa jina hilo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Alfonsi na Mama Yuliana, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Mama Yuliana alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, si kwa udhaifu wa miguu, bali kwa sababu kila alipotaka kuinuka alianza kwanza kupapasa sakafu kwa kiganja, ahakikishe kama itambeba.

Alianza elimu ya msingi kijijini kwao mwaka 1982 na kuhitimu mwaka 1988, na huko mwalimu wa dini alimbandika jina la Tomaso, kwa kumbukumbu ya yule mtume aliyekataa kuamini mpaka atie kidole kwenye jeraha, jina ambalo Petro hakulikasirikia hata kidogo, kwani aliona Tomaso ndiye pekee kati ya wale kumi na wawili aliyeuliza swali la maana. Mwaka 1991 alikuja Dar es Salaam kwa ndugu zake, akasomea ufundi wa magari Chang'ombe, akamaliza mwaka 1994 na kuajiriwa katika gereji moja Kipawa.

Hapo ndipo shaka ya utotoni ilipokomaa, na haina budi kuelezwa, ili wale waliowahi kukwazwa na marehemu wajue ilikotoka. Mwezi Oktoba 1998 Petro alifunga breki mpya kwenye gari la baba mmoja mwenye watoto, spea zikiwa zimetoka kwenye boksi zuri lenye nembo na karatasi zake zote, na siku chache baadaye gari lile likarudi gereji likiwa linavutwa kwa kamba, breki zimekatika mteremkoni, na yule baba amevunjika miguu. Spea zilikuwa feki. Petro alikwenda kumuuguza mtu yule hadi akapona, na tangu siku ile hakuamini tena kitu kilichomo ndani ya boksi, wala maneno ya muuzaji, wala kazi ya mkono usiokuwa wake. Mwaka 2004 alifungua gereji yake mwenyewe, na mafundi aliowafundisha, ambao wengi mko hapa, mnajua kwamba kila mlichokifunga alikifungua, akakitazama, akakifunga upya.

Tarehe 5 Julai 2003 alifunga ndoa takatifu na Benedicta, mjane wetu aliyekaa hapa, baada ya uchumba wa muda mrefu mpaka upande wa wakwe ukadhani kijana hana nia, kumbe nia anayo, ila bado anachunguza. Benedicta naye alikuwa akimtania kwamba yeye ndiye spea pekee iliyopita ukaguzi. Walijaliwa watoto wawili, Sesilia aliyezaliwa mwaka 2005, na Stephano aliyezaliwa mwaka 2009.

Sasa tuje kwenye gari, maana historia ya Petro bila gari lile itakuwa ni ya mtu mwingine. Mwaka 2012 alinunua Starlet ya mwaka 1993, ile fupi yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, iliyokuwa imelala uani kwa mtu huko Kipawa, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma, akaivuta hadi nyumbani Segerea, akaanza kuijenga upya kwa ajili ya mashindano ya vumbi yanayofanywa na wapenzi wa magari nje ya mji. Aling'oa viti vya nyuma, akachomelea ndani mabomba ya chuma ya kumkinga dereva gari likipinduka, akafunga bamba chini ya injini, akaweka springi ngumu na shokapu ngumu ili gari lisiyumbe kwenye kona, na matokeo yake ni kwamba ukipanda gari lile ukapita juu ya punje ya mahindi, uliisikia mgongoni. Kila nati aliyoikaza aliichora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya mkewe, mstari unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma, ili mtu akiigusa, mistari ikosane naye ajue, na Benedicta alizoea kununua chupa mbili, moja ya vidole na moja ya Starlet.

Katika mashindano hayo dereva huwa na msoma ramani, yaani mtu anayekaa kando yake, ambaye ameipita njia kabla na anamtangazia kona ijayo kabla haijaonekana, ili dereva akanyage mafuta bila woga. Petro alimchagua Fakihi, muuza ndizi wa Mabibo, mtu wa Newala, kwa sababu aliyoitangaza hadharani, kwamba Fakihi hajui ufundi, na asiyejua ufundi hawezi kuiba siri ya injini. Kwa miaka yote waliyokuwa pamoja, kazi ya Fakihi gereji ilikuwa kupokea spana na kutoa spana, ufunguo wa gari hakupewa hata siku moja, na barabarani alisema kona ambazo hazikuaminiwa. Fakihi akitangaza kwamba kulia ni wazi, kanyaga, Petro alikanyaga, ila alikanyaga breki, apunguze aione kona kwa macho yake, ndipo aendelee. Walikuwa na gari zuri kuliko wengi, na hawakuwahi kushinda. Ubishi wao uliokuwa ukisikika hadi kwa majirani ulikuwa mmoja tu, Fakihi akisema, "Braza, mie nakwambia wazi, breki ya nini?" na Petro akijibu, "Nimekusikia, mdogo wangu, ila kona sijaiona."

Maradhi ya marehemu yalianza mwezi Februari 2024 kwa maumivu ya mgongo, ambayo alizisingizia springi za Starlet, na mwezi Agosti mwaka huo madaktari walithibitisha kuwa ni saratani iliyoingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Alipangiwa matibabu ya mionzi mjini, na madaktari walieleza wazi kwamba mionzi haitaiondoa saratani, lakini itapunguza maumivu na kuiokoa miguu isipooze. Mionzi yenyewe haikuuma, kilichouma ni njia. Kila shimo kati ya nyumbani na lami, kila tuta, lilimtoa mgonjwa machozi, iwe kwenye bajaji, iwe kwenye teksi, iwe kwenye gari la wagonjwa la kukodi, na mwezi Machi 2025 Petro aliiambia familia kwamba haendi tena, wamwache afe akiwa amelala sawa. Kuanzia hapo mguu wa kushoto ulianza kufa ganzi, na kila mtu nyumbani alijua kwamba siku zinakwenda.

Kitanda chake kilikuwa dirishani, Starlet ikiwa uani upande wa pili wa pazia, na siku moja mchana alisikia mlio wa spana. Petro alikuwa hana haja ya macho katika jambo hili, aliijua kila bolti kwa sauti yake, akaita kwamba kuna mtu anafungua shokapu ya nyuma, tena anaifungua vibaya. Benedicta akamjibu kwamba ni Fakihi tu, analiwasha gari ili betri isilale. Hilo lilikuwa kosa la Benedicta, kwani mtu yeyote anajua betri haikai nyuma karibu na shokapu, na Petro alilijua hilo kuliko wote.

Fakihi alikuja tena kesho yake, na keshokutwa, akiingia na mfuko mtupu na kutoka na mfuko mzito, na mgonjwa akiwa amelala pale pale, anasikiliza. Alisikia springi zikitoka. Alisikia msumeno ukikata yale mabomba ya chuma aliyoyachomelea kwa mkono wake, na akaamini alichokiamini, kwamba rafiki yake ameona mwenye gari anakufa, akaanza kulichuna kabla hajazikwa, na kwamba mkewe ndiye aliyetoa ufunguo. Alimtuma Sesilia akatazame, Sesilia akarudi akasema, "Gari lipo, baba," naye akamuuliza, "Lipo, lakini lina nini?" na binti akatazama chini. Fakihi alipoingia kumjulia hali, Petro aligeukia ukutani. Aliumia, ndugu waombolezaji, aliumia kuliko saratani, kwa sababu mtu aliyeshuku dunia nzima maisha yake yote alikuwa sasa anaona kwamba alikuwa na haki.

Mtaa nao haukulala. Starlet ilionekana ikipita taratibu kwenye njia yetu ya mashimo, ikienda na kurudi, Fakihi akiwa kwenye usukani na Benedicta amechutama nyuma, mbele yake beseni la maji lililowekwa juu ya godoro, na waliokaa barazani wakaanza kunong'ona kwamba maji yale yana dawa, na kwamba mke ana lake jambo. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025, Fakihi aliirudisha Starlet kinyumenyume hadi mlangoni, akainua ule mlango wa nyuma, na Petro alitolewa nje na shuka lake, akaliona gari. Mabomba hayakuwepo, kiti cha msoma ramani hakikuwepo, springi ngumu hazikuwepo, na toka buti hadi chini ya dashibodi kulikuwa na godoro moja refu. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Mmeniua gari." Fakihi hakujitetea, alisema tu, "Shikamoo braza, tumekulainishia, springi ni za gari la mama wa nyumbani, tairi nimezipunguza upepo, twende mionzi." Petro alipapasa godoro kwa kiganja, kama alivyokuwa akipapasa sakafu ya Mwena, akalikuta lina unyevunyevu, akauliza hii nini, na Benedicta akamweleza kwamba walikuwa wakiijaribu njia na beseni, na kila palipomwagika maji Fakihi alirudi kupita upya, mpaka akajua pa kupunguza na pa kukwepa.

Alikubali kuingizwa, kwa shingo upande. Akiwa amelala chali aliona paa la gari tu, barabara hakuiona, na Fakihi akaanza kumsomea njia kama zamani, "Shimo kulia, nalipita kushoto, sasa tuta dogo, pole pole, sasa wazi." Benedicta, aliyekaa kando ya kichwa chake, anasema kwamba mwanzoni mguu wa kulia wa mumewe, ule uliokuwa bado na nguvu, ulikuwa ukikanyaga breki hewani kwa kila neno. Lakini kila lililosemwa lilikuja kama lilivyosemwa, na maumivu aliyoyangojea hayakuja, na walipofika Tabata mguu ulikuwa umetulia. Petro alikuwa amelala usingizi, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kufumba macho ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine.

Jioni, wakati wa kushushwa, aliziona nati za tairi zina mistari mipya ya rangi nyekundu, imepinda yote, mkono wa Fakihi huo. Alimgeukia rafiki yake, akamwambia, "Kumbe ulikuwaga unasoma sawa." Fakihi akajibu, "Siku zote, braza." Petro akasema, "Basi tungeshinda," na wote wawili wakalia bila kuoneana aibu.

Matibabu aliyamaliza, maumivu yalipungua, na siku ya kipaimara cha Stephano aliketi kwenye kiti kanisani na sisi sote tulimwona. Aliagiza gari lisirudishwe lilivyokuwa, libaki laini, libebe mgonjwa yeyote wa mtaa huu asiyeweza mashimo, na ufunguo alimkabidhi Fakihi kwa mkono wake. Alifariki dunia nyumbani Segerea, mchana wa Ijumaa, tarehe 21 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ameacha mjane na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia kwa uvumilivu, maana aliwauliza maswali mengi na kuomba kusoma kila kichupa, inawashukuru mafundi wenzake, jumuiya, wakwe, na majirani wote, pamoja na wale mlionong'ona kuhusu beseni, mmesamehewa, maji yalikuwa ya bomba.

Gari litakalobeba jeneza kwenda makaburini litaendeshwa na Fakihi, kwa ombi la marehemu mwenyewe. Jana jioni ameonekana akiipita njia hiyo, polepole, kwenda na kurudi, na beseni la maji nyuma. Petro, ndugu yetu, msoma ramani wako amesema mbele ni wazi, safari hii usikanyage breki. Pumzika kwa amani.