Bwana Alivyoniondolea Hofu ya Mvua

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyie mliokaa nje kwenye turubai, Bwana asifiwe!

Wengi hapa Boko mnanijua kama Baba Tumaini, fundi seremala wa kule bondeni. Nimekaa sana benchi la nyuma nikisikiliza shuhuda za wenzangu. Leo nimesimama mwenyewe. Nivumilieni, kuongea mbele za watu si kazi yangu.

Mke wangu alichukuliwa na maji. Masika yale mnayakumbuka. Alikuwa anatoka sokoni, akafika kwenye korongo letu, akaona wenzake wanavuka, naye akavuka. Wenzake walifika ng'ambo. Yeye tulimpata kesho yake, kule chini karibu na mikoko. Mlilia na mimi, mkamzika pamoja nami. Mungu awalipe.

Lakini matanga yalipoisha, kuna kitu kilibaki ndani yangu. Nilianza kuogopa mvua. Siyo kuogopa kwa mtu anayekimbilia kuanua nguo! Wingu likitanda tu, mikono inakufa ganzi, randa inaniponyoka. Nafunga karakana, nakimbia shuleni kumtoa mwanangu Tumaini katikati ya vipindi. Walimu walinisema, sikusikia. Tukifika nyumbani naweka komeo, tunakaa. Haendi kwaya, haendi kwa rafiki. Binti aliyekuwa mchangamfu akawa ananiamkia asubuhi, "Shikamoo baba," na maneno yetu yanaishia hapo mpaka kesho. Nilifunga. Niliombewa. Jua likiwaka nasema nimepona, ikipiga ngurumo moja nimerudi kulekule.

Jirani yetu ni Bi Zuhura, mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Nachingwea. Yeye amelelewa na bibi yake porini. Kila Jumamosi anawachukua watu wa mtaani, watoto kwa wazazi, Wakristo kwa Waislamu, anakwenda nao kwenye msitu ulio nyuma ya Mabwepande, kwa ruhusa ya walinzi. Anawafundisha kupekecha moto kwa vijiti, kusokota kamba za magome, kutambua nyayo za paa, kuchimba ming'oko, ile mizizi wanayokula kusini. Siku moja alikuja kuniomba Tumaini aende naye. Nikakataa kabla hajamaliza.

Akaniangalia. "Basi mtoto muache, Baba Tumaini. Njoo wewe."

"Mie nina kazi, bi mkubwa."

"Kazi gani? Umefunga karakana tangu asubuhi, na wingu lenyewe limeshapita."

Nilikwenda, na Tumaini nikamchukua, maana kumwacha nyumbani nisingeweza.

Ndugu zangu, kazi ya kwanza aliyotupa ilikuwa kukaa! Kila mtu na mti wake, kimya, asikilize. Nilidhani nitakufa. Nilisikia moyo wangu tu. Lakini Jumamosi baada ya Jumamosi nikaanza kusikia na vingine: ndege tetere, nyuki, upepo unavyotangulia kwenye majani ya juu. Nilipekecha vijiti mpaka viganja vyangu vya useremala vikatoa malengelenge. Siku moshi ulipotoka, nikacheka kwa sauti. Tumaini akageuka kunitazama kama ameona mgeni.

Kisha ikaja vuli, na mvua ikatukuta msituni.

Kati yetu na barabara kuna kijito, siku zote tunakiruka tu. Siku ile maji yalishuka mekundu, yanavuma. Kichwani mwangu kulibaki jambo moja: tuvuke, tufike nyumbani, niweke komeo. Nikamkamata Tumaini mkono nikamvuta. Bi Zuhura yuko nyuma na watoto wadogo, ananiita, simsikii. Miguu yangu tayari imo majini.

Tumaini akajitupa chini, akakumbatia mti. "Baba, hatuvuki! Mama alivuka!"

Ndugu zangu! Tangu mazishi, jina la mama halikuwa limetajwa ndani ya nyumba yetu.

"Yatapungua yenyewe," akasema, analia. "Twende kule juu. Kaa na mimi, baba."

Nikarudi nyuma. Nashuhudia mbele zenu kwamba ni mkono wa Bwana ulionirudisha, maana kwa akili zangu nilikuwa nimeshavuka. Hatujafika mbali, gogo zima likapita pale niliposimama. Utukufu kwa Mungu!

Tulipanda kwenye mwinuko. Bi Zuhura akasema, "Fundi, tusimamishie kibanda." Mikono yangu iliyokuwa inakufa ganzi ikafunga fito, watoto wakaleta matawi, tukaingia wote. Maombi sikuwa nayo, nilikuwa na jina tu: Yesu, Yesu. Pembeni Bi Zuhura naye anamwomba Mungu kwa namna yake, taratibu. Tumaini akaniegemea.

"Baba, na mimi naiogopa mvua," akaninong'oneza. "Tangu siku ile. Ila wewe ulikuwa unaogopa peke yako, na mie peke yangu."

Nililia kuliko siku ya mazishi. Mvua inatupiga, sisi tunamzungumzia mama yake: anavyoimba akipika, anavyotukana kuku wa jirani. Tukacheka, tukalia tena. Jioni maji yakapungua kama mtoto alivyosema, tukavuka.

Sitadanganya madhabahuni. Ngurumo ikipiga bado nashtuka. Lakini sikimbii! Wiki iliyopita ilinyesha Tumaini akiwa kwaya. Nikabaki karakana nikapiga randa. Akarudi amelowa chapachapa, akanihadithia ya kwaya mpaka ugali ukapoa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Bi Zuhura, aliyetumwa na Mungu kwangu. Na wewe uliyejifungia na hofu yako, nakusihi usiogope peke yako. Mwite Bwana, halafu mwambie na aliye nyumbani kwako, maana huenda naye anaogopa. Jumamosi asubuhi tunaondoka tena. Vaa viatu vya kufunga, njoo na mwanao. Kibanda tutajenga, nafasi ipo. Bwana awashike mkono, ndugu zangu, kama alivyonishika mimi.