Mama Séraphine na Sheria ya Mkeka

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Mama Séraphine Kavira, ofisa wa ruzuku katika Mfuko wetu wa Utafiti wa Wanyama na Makazi Yao hapa Bugolobi, Kampala, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Wakubwa walitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye digrii. Wenye digrii wote wakasema wana shughuli, basi kalamu ikamwangukia dereva. Mkikuta koma imekaa vibaya, laumuni barabara.

Mama alikuja Kampala kutoka Butembo, Kongo, na begi moja, na Kifaransa kingi ambacho hapa hakikumsaidia hata kununua nyanya. Alianza kwa kutufasiria barua za watafiti wa Kongo, mwisho akapewa kiti cha ruzuku. Kwa wale waliokaa humu miaka na bado hawajui kiti hicho kina kazi gani: kuna mtu wa mbali mwenye pesa na huruma, kuna mtu wa karibu mwenye swali juu ya mnyama, na katikati anakaa Mama Séraphine akihangaika swali lifike kwenye pesa kabla mnyama hajaisha. Mara nyingi mnyama ndiye aliyetangulia.

Hata hivyo, kwa mkono wake walifadhiliwa watu waliochunguza popo wa mapangoni, viboko wa Semliki, tumbili wa misitu ya mpakani, na samaki wa Ggaba ambao siku hizi wamekuwa wadogo hadi muuzaji anaona haya kuwaita kwa jina. Mgeni mmoja wa Ulaya aliwaona wale kaloli, ndege wakubwa wa jalalani, wamejipanga juu ya paa letu, akauliza kama nao ni mradi. Mama akamjibu kwa heshima kwamba hao wanajifadhili wenyewe.

Mhasibu wetu, Bwana Oyugi, ambaye angemdai hata Nuhu risiti ya mbao, aliwahi kukataa karatasi ya mwenye mtumbwi kwa sababu ilikuwa na dole gumba badala ya sahihi. Mama akamwambia, "Baba, kiboko alikuwa nyuma yake. Ulitaka atafute kalamu?" Karatasi ikapita.

Lakini Mama alijulikana zaidi kwa sheria yake ya mkeka. Hakuna mtafiti aliyepewa fungu la mwisho la ruzuku kabla hajarudi pale alipofanyia utafiti, akakaa mkekani na wenyeji, akawasimulia alichokiona kwa lugha wanayoisikia, na akajibu maswali mpaka wao wenyewe wachoke. Mama alisema mtu akija kuhesabu kuku wako, hata awe profesa, hawezi kwenda zake bila kukwambia ni wangapi. Mkeka wenyewe ulikaa kwenye buti la gari, pamoja na tairi la akiba, na ulitumika kuliko tairi. Wengine humu waliona ni kupoteza mafuta. Wafadhili walipenda picha.

Sasa kuna jambo ambalo wasifu wenye adabu ungeliruka. Mama mwenyewe amekataa lirukwe.

Upande wa mashariki, karibu na mpaka wa Kenya, kuna kinamasi kinaitwa Pajuru. Daktari Nakhisa, binti wa Bungoma, alipewa ruzuku akawachunguze korongo taji wa pale, ndege yule yule wa kwenye bendera yetu. Ukame ukaja. Kinamasi chote kikapasuka kama kisigino cha mkulima, isipokuwa kona moja yenye mafunjo, kwa sababu chini yake kuna chemchemi. Korongo wote waliobaki wakaenda kutaga huko. Nakhisa ndiye aliyegundua kwamba kilichowapeleka kule ni maji.

Akarudi mkekani kama sheria inavyotaka. Akawaeleza watu habari ya ile kona, akawaomba wasiiguse. Walipiga makofi. Kisha Apio, mjane mwenye shamba pembeni, akauliza polepole kama ni kweli maji ya pale hayaishi hata jua likiwaka namna gani. Nakhisa, kwa furaha ya kuulizwa swali zuri, akasema ni kweli kabisa, na akaonyesha kwa kidole.

"Kumbe," Apio akasema, "na sisi tunalia na mpunga huku juu."

Watu walicheka. Mama naye alicheka. Tulirudi Kampala na kuku wa zawadi wakipiga kelele nyuma ya gari.

Msimu uliofuata mitaro ilichimbwa. Ulipofika wa pili, kona yote ilikuwa mpunga, kijani kizuri mpaka ukasahau kukasirika. Korongo walirudi, wakatembea kando ya matuta kama wageni waliokosea nyumba, wakatupiwa mawe, wakaenda zao. Pajuru hapajaonekana kiota tena.

Mama alikwenda kugomba. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili cha Kongo, ambacho hata matusi yake yanabisha hodi. Tulipofika, Apio alimpigia magoti, akamwonyesha mabati mapya na sare za watoto waliorudi shule, akampikia wali wa kona ile ile. "Mama, Mungu awape maisha," akasema. "Tumezaliwa hapa na hatukujua. Ni nyinyi mliotuambia." Mama akala, akanawa, akashukuru. Maneno aliyoyapanga alirudi nayo yote.

Ofisini mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu yalikuwa mazuri. Wakubwa waliandika katika taarifa ya mwaka kwamba jamii ya Pajuru imeyapokea matokeo ya utafiti na kuyatumia. Si uongo. Apio alitokea ukurasa wa mbele, anatabasamu. Mfadhili akafurahi, akaufunga mradi kwa kuwa umefaulu. Mama alizunguka mlango kwa mlango akiomba sentensi ile iongezewe kipande kidogo tu, kwamba korongo hawapo. Akaambiwa mfadhili akisikia hivyo, popo na viboko watakosa chakula. Sentensi ikabaki kama ilivyo.

Mwezi uliopita likaja ombi la mwisho la ruzuku kupita mikononi mwake. Arsène, kijana wa Kikongo anayesoma hapa mjini, ameona korongo wachache wakitaga kwenye kinamasi kingine, kidogo, chenye maji yasiyokauka, na wenyeji wenye njaa kama ya Apio. Anataka kuwafuatilia ndege hao. Mama hakuwa na shaka juu ya ruzuku. Shaka ilikuwa juu ya mkeka. Akiutandika, maji yatajulikana. Asipoutandika, atakuwa sawa na wale wa kuhesabu kuku na kwenda zao, ambao amewasema vibaya maisha yake yote. Faili lilikaa mezani kwake mpaka Oyugi akaacha kulitania.

Arsène akaja kuuliza mkeka atauchukua lini.

"Huuchukui," Mama akasema.

"Na wakiniuliza natafuta nini kwao?"

"Waambie unatazama mawingu."

Kijana akacheka, halafu akaona kwamba amecheka peke yake. Mama akatia sahihi. Oyugi, ambaye hajawahi kupitisha kitu bila swali, akagonga muhuri, akatoka nje kusimama.

Hivyo ndivyo tunavyomuaga. Anaacha viota viwili, vitatu, vilivyookolewa kwa kuwaficha watu jambo lililo mlangoni kwao. Ukimwambia amefanya vizuri, anakataa. Anasema amefanya vibaya, na angefanya tena. Wala haamini kwamba vitadumu. Wenyeji wale wana macho, na ukame haujastaafu.

Mama Séraphine, asante kwa popo, kwa viboko, na kwa kutulazimisha wote, wenye digrii na wenye leseni tu, kukaa chini na watu. Nenda nyumbani kwako Kasubi, ulale mpaka jua lije kukuamsha lenyewe. Uishi miaka mingi, na uishi vizuri, hata kama wewe hupendi kuambiwa hivyo. Siku wenye kinamasi kile watakapofika Bugolobi kuuliza tuliona nini kwao, hutakuwepo. Tutawapokea sisi, tutawapa chai, na tutasema ni mawingu.