Kadi ya Tatu ya Enid Tordoff

Tuliokusanyika hapa kumzika Enid Mary Tordoff tunajua kwamba asingevumilia wasifu wenye tarehe za kukisia, kwa hiyo kila tarehe mtakayoisikia imehakikiwa. Alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Februari 1931, Wirksworth, Derbyshire, mtoto pekee wa Albert Ollerenshaw, mchimba mawe, na mkewe Annie. Cheti kimeonekana. Albert alifariki kwa maradhi ya mapafu Machi 1944. Wiki ile nyumba ilifurika majirani, wengine wakaketi kwenye ngazi. Enid alikuwa jikoni akipanga vikombe alipomsikia mama yake akisema, "Peke yangu siko, watu wamejaa mpaka mlangoni. Lakini upweke unaniua." Maneno hayo hakuyasahau, na baadaye yalimponza.

Alisoma kwa ufadhili katika shule ya wasichana mjini Derby, akapata shahada ya Kiingereza Leeds mwaka 1952. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti: "Ana akili, ila anabishana na kamusi."

Septemba 1953 aliajiriwa na kampuni ya kamusi ya Harcliffe, mjini Leeds, akaitumikia miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa kutenganisha maneno ya Kiingereza yaliyokaribiana kiasi cha watu kuyachanganya. Kanuni ya chumba cha kadi ilikuwa haina huruma. Tofauti yoyote, kabla ya kuchapishwa, ilidai kadi tatu, kila moja na sentensi iliyonakiliwa kitabuni, jina la kitabu, ukurasa, na herufi za jina la aliyeinakili. Yaliyosemwa kwa mdomo hayakuhesabiwa.

Novemba 1958 alikuwa akishughulikia alone na lonely. Aliye alone yuko peke yake tu, pengine kwa raha zake. Aliye lonely upweke unamla hata katikati ya umati. Enid aliijua tofauti hiyo tangu jikoni kwao, lakini vitabu vilimpa kadi mbili tu, na wapiga chapa walitaka kurasa Jumatatu. Akachukua kadi tupu, akaandika maneno ya mama yake. Kisha akabuni kitabu, Wajane wa Machimboni, ukurasa wa 112, akaweka herufi zake. Kadi ikapita, maana kampuni ilikuwa bado haijaajiri mhakiki.

Tarehe 18 Juni 1960 aliolewa na Clement Tordoff. Clement ndiye mhakiki aliyekuja kuajiriwa na kampuni, mtu wa kufungua kila kitabu kilichotajwa na kuona kwa macho yake kama sentensi imo. Walipendana na kubishana. Clement akimuuliza, "Mke wangu, umekasirika?" alijibiwa, "Bado. Nimeudhika. Endelea tu, utaiona tofauti." Walijaliwa watoto wawili, Rosalind, anayesoma wasifu huu, na Martin.

Januari 1974 Bwana Pargeter, mhariri mkuu mpya, aliagiza kila kadi ya zamani ihakikiwe upya, kuanzia herufi A. Clement alianza. Enid alijua droo ya L ingefika. Angeweza kuichomoa kadi ile siku yoyote, droo ilikuwa hatua kumi kutoka mezani pake. Hakuichomoa. Hakusema pia. Miezi tisa alipungua mpaka sketi zikamlegea, na alipoulizwa nyumbani alisema ni tumbo.

Jumanne, tarehe 15 Oktoba, mezani, Clement aliweka uma chini.

"Enid, hiki kitabu cha Wajane wa Machimboni ulikitoa maktaba gani? Nimewaandikia watu sita, hakuna anayekijua."

"Kula kwanza, pai inapoa."

"Niambie basi, nikifuate."

"Hutakipata, Clement. Nilikitunga."

Rosalind, wa miaka kumi na miwili, aliona uso wa baba yake ukibadilika rangi.

"Ulitunga ukurasa?"

"Kitabu na ukurasa. Sentensi ni ya mama. Aliisema kweli, niliisikia kwa masikio yangu."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka kumi na minne nimelala ubavuni mwako!"

"Niliogopa utaniangalia hivyo unavyoniangalia sasa."

Kwa kanuni ya kampuni, kadi iliyoanguka katika uhakiki ilikuwa inapigwa mstari mwekundu, na jina la aliyeinakili linasomwa kwenye kikao cha Ijumaa mbele ya wote. Msomaji alikuwa mhakiki. Enid hakumwomba mumewe anyamaze, na hilo watoto wake wanalionea fahari. Tarehe 18 Oktoba Clement alisimama akasoma: "Lonely, kadi ya tatu. Kitabu hakipo. Imenakiliwa na Enid Tordoff." Enid naye akasimama akasema, "Ni kweli. Nilidanganya." Alivuliwa cheo cha mkuu wa sehemu, akarudishwa kunakili kadi pamoja na wasichana wapya. Nyumbani hawakusemezana siku kumi na moja.

Baada ya hapo Clement akaanza kutoweka kila Jumamosi. Enid aliamini anatafuta pa kuhamia. Tarehe 10 Mei 1975 Clement alirudi na vumbi kwenye mikono ya koti, akaweka kadi kando ya sahani ya mkewe. Ilikuwa sentensi ya mjane mwingine, kutoka kitabu kikuukuu cha kumbukumbu alichokipata maktaba ya York, nayo ilisema karibu yale yale ya Annie.

"Hii ina ukurasa," alisema. "Mama yako alikuwa sahihi. Wewe ulikosa subira tu."

Enid alilia, akacheka, akamwambia avue koti. Maelezo ya tofauti ile yamo kwenye kamusi hadi leo. Cheo alirudishiwa mwaka 1977.

Clement alifariki tarehe 2 Aprili 2009. Moyo wa Enid ulianza kudhoofika mwaka 2014. Alilazwa hospitali mjini Otley tarehe 21 Oktoba 2016, akafa Alhamisi, tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitano. Limeandikwa "akafa" kwa sababu aliagiza hivyo. "Msiseme nimelala," alionya, "mtu aliyelala huamshwa."

Ameacha binti, Rosalind, mwana, Martin, wajukuu wanne na kitukuu mmoja, Annie.

Wengi wameuliza maneno yake ya mwisho. Binti yake aliketi na kalamu jioni mbili, akatunga kauli tatu nzuri sana, za kuwaliza nyote, na zote akazichana. Maneno ya kweli yalisikiwa na watu watatu, Rosalind, Martin na muuguzi wa zamu. Enid alisema, "Fungeni hilo dirisha, baridi inaingia."

Mama, dirisha tumelifunga. Pumzika kwa amani.