Bwana Kijiko Anaiaga Wodi ya Wanaume

Tarehe 30 Juni afisa lishe wetu anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja. Sote tunamwita Bwana Kijiko, kwa sababu ya kijiko cha chai kinachochungulia kwenye mfuko wa koti lake, pale ambapo wenzake huchomeka kalamu.

Alianzia jikoni akipima unga na maziwa, akapelekwa masomoni, akarudi wodini. Wauguzi wapya humcheka: mtu wa lishe gani huyu anayewanyima watu chakula? Kicheko huisha wakimwona mgonjwa wa kwanza akizidiwa baada ya kula sana. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huwa umezoea kuishi kwa kidogo. Ukiushindilia chakula ghafla, madini yaliyo kwenye damu hukimbilia ndani ya misuli na viungo, damu hubaki tupu, moyo huyumba. Mtu anakufa akiwa ameshiba. Ndiyo maana yeye huanza na vitamini, kisha maziwa mepesi, kidogo kidogo, huku damu ikipimwa kila siku.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye hatuwezi kumruka hapa. Alikuwa fundi cherehani, koo limezibwa na uvimbe, amebaki mifupa. Baada ya upasuaji akaweza kumeza. Binti yake alipoona kikombe cha maziwa hakijafika hata nusu, alikuja juu.

"Baba ameshinda na njaa miezi yote hii, na ninyi mnamwongezea nyingine?"

Bwana Kijiko alivuta kiti, akamweleza mpaka akaelewa. "Haya mzee wangu, fanya unavyojua," binti akasema.

Fundi akaanza kukaa kitandani, hata akawa anaikosoa mishono ya sare zetu. Kisha mdogo wake akafika kutoka safarini, akaingia moja kwa moja wodini. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Kaka aliomba chakula; mdogo mtu akamlisha mkate, mayai na chai ya sukari nyingi, huku machozi ya furaha yakimtoka.

Kesho yake miguu ya fundi ilikuwa imevimba, pumzi zinakatika, hamtambui binti yake. Mashine ya kupima madini ilikuwa mbovu, na dripu ya fosfeti, madini aliyoyahitaji kuliko yote, ilikuwa imeisha stoo. Tulimpa tulichokuwa nacho. Moyo ulisimama kabla ya jioni.

Mdogo mtu alimfuata Bwana Kijiko kwenye korido. "Niambie ukweli. Ni mimi niliyemuua kaka yangu?"

"Wewe ulimpa kaka yako chakula," alijibu. "Hatukukwambia usimpe. Mzigo huu usiubebe peke yako."

Mdogo mtu alitikisa kichwa. Aliondoka amebana viganja kwapani, kana kwamba hataki viguse kitu tena.

Tangu hapo Bwana Kijiko amekuwa akisimama mlangoni kila saa ya kuona wagonjwa, akizungumza na kila ndugu aingiaye na kapu. Ameokoa wengi, na daktari wa wodi ndiye wa kwanza kulisema hilo. Lakini mashine hutengenezwa ikaharibika tena, fosfeti huja ikaisha, na mwezi huu huu tumempoteza mwalimu mmoja kwa njia ileile. Nafasi ya Bwana Kijiko haijatangazwa. Tumeuliza, tumeambiwa tuwe na subira.

Kwenye chai ya kumuaga tulimwomba neno. Alisimama, akatabasamu.

"Waliopona walikwenda zao, wengi nimeshawasahau, na ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Wale wengine ninao. Nilidhani nikistaafu nitawaacha hapa."

Akakaa. Keki ilibaki mezani, hakuna aliyeshika kisu.

Asante, Bwana Kijiko. Tunakuombea afya njema, usingizi mtulivu na siku ndefu pamoja na wajukuu. Nawe utuombee sisi tunaobaki.