Wakili Kema Vandi na Kesi ya Jumatatu

Wasifu wa marehemu nitausoma haraka. Leo ni Jumamosi, kesi ya mwisho ya dada yangu inaitwa Jumatatu, na familia mia mbili na sitini za Gati ya Gbaneh, nyingi zikiwa humu kanisani, hazina wakili.

Kema Vandi alizaliwa Bo tarehe 4 Februari 1966, mtoto wa tatu wa marehemu Brima Vandi, fundi cherehani, na marehemu Mama Jeneba. Uchungu ulimshika Mama akipepeta mchele, na mtoto alitoka kabla mkunga hajavaa viatu.

Alisoma shule ya misheni, kisha sekondari ya wasichana, zote hapo Bo. Mimi mdogo wake niliishia darasa la saba. Yeye mwaka 1987 aliingia Chuo cha Fourah Bay, Freetown, na tarehe 12 Novemba 1993 akaapishwa kuwa wakili. Vita vilipofika mjini mwaka 1997 alikimbilia Conakry. Alirudi mwaka uliofuata na begi moja limejaa majalada. Nguo nilimpa mimi.

Angeweza kutetea mabenki na wenye meli. Alichagua kuishtaki serikali, kwa ajili ya wafungwa waliosahauliwa bila kesi na vijiji vilivyopokonywa mashamba ya mpunga. Watu waliuliza ana ugomvi gani na wakubwa. Hakuwa na ugomvi. Aliwataka tu wasome sheria walizotunga wenyewe.

Siku ndugu wa Pius Tucker, mwalimu wa jiografia, walipotuletea kibuyu cha posa, bibi harusi hakuwepo.

“Ua letu tulilokuja kulichuma liko wapi?” aliuliza shangazi yao.

“Limekwenda polisi,” nikamjibu. “Kaeni, mle.”

“Limekamatwa?”

“Limekwenda kumtoa mtu.”

Shangazi akamgeukia Pius. “Mwanangu, ndiye huyu unayemtaka?”

“Huyuhuyu, shangazi. Nisogezee wali.”

Walifunga ndoa tarehe 8 Aprili 2000, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 2004 nilimkosea. Wigi lake la mahakamani, lile la manyoya ya farasi, lilikuwa la manjano kama limechovywa kwenye mawese. Alipokwenda Kenema nikaliloweka kwa sabuni na buluu ya kufulia, nikalianika, likawa jeupe pee. Aliporudi aliketi bila kuvua viatu.

“Baindu, umefanya nini?”

“Nimelifua, dada. Lilikuwa linatutia aibu.”

“Nimelisotea miaka kumi na moja liwe hivyo! Wigi jeupe ni la mtoto aliyeapishwa jana!”

“Basi lipake mawese.”

Kesho yake jaji alimtazama juu ya miwani, akasema, “Karibu kwenye kazi hii, wakili mgeni.” Mahakama nzima ilicheka, naye akacheka. Kisha akashinda. Wafungwa kumi na wanne walikula makwao siku hiyo.

Machi 2018 figo zilianza kumsumbua. Daktari aliagiza apumzike. Alipumzika kama kuku aliyeona mwewe. Mwaka huu watu wa Gbaneh walipewa na serikali siku saba wabomoe nyumba zao na kuondoka. Tingatinga zilikuwa zimeshafika Kema alipopata amri ya kuzizuia hadi kesi isikilizwe. Viapo vya wakazi alivichukua akiwa kwenye kitanda cha hospitali, nao wamejipanga kwenye korido na watoto mgongoni. Nesi alipowafukuza, Kema alimwambia, “Bibi, hawa wakifukuzwa na hapa waende wapi?” Nesi akaleta viti.

Alifariki Jumatano tarehe 13 Novemba 2019, saa kumi alasiri, mikononi mwa mumewe. Asubuhi ile aliniuliza, “Baindu, nani atasimama?” Nikamwambia, “Lala, dada, wapo wengi.”

Nilimdanganya. Nimezunguka ofisi sita za mawakili wiki hii. Mmoja ana safari, mwingine ana jaji anayemwogopa. Wa sita aliniambia, “Mama, jalada lenyewe ni zito.” Nikamwambia, “Nimelibeba kichwani toka hospitali, unanifundisha uzito wake?” Kesi ikiitwa na wakili asisimame, ombi linafutwa na amri inakufa nalo. Tingatinga ziko ng'ambo ya daraja. Niliziona jana, zimetiwa mafuta.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Pius Tucker. Watoto, Hindolo na Mamie. Kaka yetu Momoh, na mimi Baindu. Ameacha watu wa Gbaneh. Ameacha pia jalada la kurasa mia tatu, ambalo Mamie amelipakata kwenye kiti cha mbele.

Waheshimiwa mawakili, mmekuja na majoho kumsindikiza mwenzenu. Asanteni, mmependeza. Mahakama inaanza saa tatu asubuhi. Atakayesimama aje alichukue jalada kwa Mamie, mbele ya watu wote, ili Kema ashuke akijua.

Mungu ampe dada yangu mapumziko ya amani. Wachimba kaburi nimewaambia wangoje kidogo.